Fundi Mkuu na Chumvi ya Ardhini

Kabla ya kumsalimia mwenye nyumba, Fundi Mkuu alisalimia geti. Alikunja vidole, akagusa chuma kwa mgongo wa mkono, akasubiri kidogo, ndipo akapiga hodi. Alifanya hivyo kwenye mageti, kwenye milango ya magari, kwenye mabomba ya maji, na siku ya harusi yangu alifanya hivyo kwenye kiti cha chuma alichopewa akae. Baba yangu ni mwenye duka wa Somanda, pale Bariadi, na huwa anaangalia sana adabu za wageni. Aliniuliza kama yule mzee ana neno na viti vyetu. Nikamweleza kwamba ukigusa umeme kwa kiganja, vidole hujikunja na kung'ang'ania. Ukigusa kwa mgongo wa mkono, mkono wenyewe hukuondoa. Baba akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo anadhani kiti changu kina umeme." Nikasema hadhani, anahakikisha. Tangu siku hiyo baba alimwita Mhakikishaji, na hakumaanisha sifa.

Mimi nilikuwa fundi wa kike chini yake. Kampuni yetu ilitunza mitambo ya simu katika mkoa wote wa Simiyu: minara, betri, jenereta, na yale makabati ya nyaya yenye kufuli ambayo watu huyaegemea wakingoja bodaboda. Alikuwa ameanza kazi enzi za simu za mezani, waya juu ya nguzo, na alizihamia simu za mkononi bila furaha wala kinyongo, kama mtu aliyehamishwa ofisi. Kwake simu zilikuwa zile zile. Sauti ilikuwa kazi ya watu wengine. Kazi yake ilikuwa umeme unaoibeba, na mahali unapokwenda ukipotea njia.

Mahali hapo ni ardhini. Kila mtambo wa simu una waya mnene wa shaba unaoshuka mpaka kwenye nondo za shaba zilizozikwa ardhini, na sisi mafundi tunauita ethi. Radi ikipiga, inapita humo. Waya ukichubuka ukagusa bati, umeme unakimbilia humo, breka, ile swichi ya usalama, inakata, na hakuna anayekufa. Siku ethi iko nzima hakuna anayeikumbuka. Fundi Mkuu aliikumbuka kila siku, hadi ikachosha. Vijana wakifika kwenye saiti iliyozimika walitazama juu kwenye antena. Yeye alitazama chini, akatembea polepole kuzunguka uzio mikono ikiwa nyuma, kama mtu aliyedondosha ufunguo.

Nilimpenda yule mzee, na alinikasirisha karibu kila siku ya kazi. Naona ni vizuri niseme yote mawili mapema.

Alikuwa na kanuni moja ya kutafuta hitilafu: kata katikati. Mtambo una sehemu nyingi, usianze mwanzo wala mwisho. Tenganisha katikati, upime, ujue ubovu uko upande gani, kisha huo upande nao uukate katikati. Ni kanuni nzuri na kila fundi anayo. Tatizo ni kwamba yeye aliitumia popote. Jirani yake alipomjia kulalamika kwamba ndoa yake imeharibika, Fundi Mkuu alimuuliza ilipofika katikati hali ilikuwaje. Jirani akasema katikati ilikuwa nzuri. "Basi tuachane na nusu ya kwanza," akasema Fundi Mkuu, akamtaka aigawe iliyobaki. Baada ya chai mbili waligundua kwamba ubovu uliingia siku shemeji alipohamia. Jirani alikuwa analijua hilo kabla hajatoka kwake, lakini aliniambia mwenyewe kwamba alifarijika kuona limepimwa.

Kanuni ya pili ilikuwa nzito zaidi. Kukitokea jambo, usiulize nani. Uliza wapi.

Siku moja jenereta ya kituo cha Bariadi ilizimika mchana kweupe kwa kukosa mafuta. Mtu fulani alikuwa amesahau kuyajaza, na ofisi nzima ilimjua, kwa sababu alikuwa amesimama pale pale na dumu tupu. Meneja kutoka Mwanza akapiga simu akitaka jina. Fundi Mkuu akamjibu kwamba hitilafu imepatikana kati ya ghala na tangi. Meneja akauliza, "Nani?" Fundi Mkuu akasema, "Kati ya ghala na tangi." Waliendelea hivyo kwa muda. Mwisho meneja alikata simu, na yule kijana wa dumu, ambaye hakufukuzwa, amekuwa mtu makini mpaka leo. Ndiyo maana mafundi walimpenda, na ndiyo maana wakubwa walimvumilia tu.

Lakini kanuni hiyo ilikuwa na upande wa pili. Mtu asiyeuliza nani, hasemi mimi. Kwa miaka mingi sikuwahi kumsikia akisema "nimekosea" wala "samahani." Msimu mmoja wa pamba alishikilia kwamba alamu za mnara ulio karibu na kinu cha kuchambulia pamba zinatokana na ethi mbovu. Tukachimba. Tukaongeza nondo. Tukachimba upande wa pili, hadi saiti ikafanana na shamba la viazi. Mwishowe ikaonekana kwamba kila kinu kilipowasha mota zake, umeme wa mtaa mzima ulishuka na mtambo wetu ukalalamika. Nilimsubiri aseme chochote. Akatazama kinu, akatazama mashimo yetu, akasema, "Kumbe ilikuwa pale."

Nyumbani hakuwa tofauti. Walikuwa wakirudi kutoka Mwanza na mkewe, basi likasimama Lamadi watu wajisaidie, na yeye akalala. Mkewe aliporudi akakuta basi limeondoka. Fundi Mkuu aliamka Bariadi, akampigia. Mke mwenyewe ndiye aliyenisimulia, akicheka, ingawa kicheko kile hakikufika machoni. Mume alimwambia, "Mama, kuna hitilafu imetokea Lamadi." Yeye akamjibu, "Hitilafu hiyo ina jina na kitambulisho cha taifa." Akarudi na basi la jioni. Kwa muda mrefu baada ya hapo mzee alijipakulia chakula mwenyewe.

Nisije nikamfanya aonekane mtu wa vipimo tupu. Alifundisha habari za radi vizuri kuliko mtu yeyote niliyemsikia. Alijua kwa nini inapiga, inapita wapi, na kwa nini haina habari na nguo nyekundu. Na mawingu yakianza kunguruma, alifunika kioo cha ofisi kwa kanga, akavua saa, akaketi juu ya meza miguu ikining'inia. Nilimuuliza kioo kina kosa gani. Akasema, "Hakina kosa. Kukifunika kuna hasara gani?" Mara nami nikajikuta nimekaa juu ya meza.

Kwa sababu hiyo hakubishana na watu wa vijijini kuhusu mambo yao. Walimwambia kuna mtu anaweza kuituma radi ikamfuate mdaiwa hata akiwa safarini. Alisikiliza kwa heshima, akauliza tu radi hiyo ilipitia upande gani wa nyumba. Vijana wa chuo waliokuja kujifunza kazi kwetu walitaka awaelimishe wanakijiji. Aliwaambia, "Hiyo siyo saiti yetu." Aliamini kwamba kazi ya fundi inaishia kwenye uzio. Ndivyo alivyoamini mpaka kiangazi kile cha Meatu.

Meatu, wilaya ya mkoa wetu, ni kukavu. Ukipita Mwanhuzi ukaelekea kwenye mbuga, kiangazi kikikolea, udongo mweusi hupasuka mpaka unaweza kuingiza mkono. Udongo wa namna hiyo unaiacha nondo ya shaba, unabaki umeizunguka bila kuishika, na ethi inakuwa jina tu. Dawa yake ni ya zamani: mwaga maji, weka mkaa, weka chumvi. Chumvi hushika unyevu, na udongo wenye unyevu na chumvi hupokea umeme vizuri sana. Fundi Mkuu aliinunua kwa baba yangu, chumvi ya mawe, kwa magunia, na baba hakuacha kuuliza ni nani huko anayekula namna hiyo.

Katika kijiji kimoja mbele ya Mwanhuzi tulikuwa na mnara jirani kabisa na nyumba ya bibi mmoja mjane. Kiwanja chenyewe kilikuwa chake, kampuni ilikipanga kwake, na jambo hilo peke yake lilitosha kuwafanya baadhi ya majirani wamtazame kwa pembeni. Aliishi peke yake, macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi, na mtu wa Usukumani hahitaji kuambiwa bibi wa namna hiyo anasemwaje watu wakikosa mvua. Fundi Mkuu alimwita mayu, yaani mama, na yeye alimwita fundi, na kila tulipofika alitupatia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ambavyo mzee alivila vyote kabla sijanawa mikono.

Kwa kuwa sisi tulifika pale mara chache, Fundi Mkuu alimwomba bibi amsaidie kazi moja. Alimwachia gunia la chumvi na kumwonyesha mahali penye nondo, chini ya kona ya uzio. "Mayu, kila jua linapotoka, maji ndoo moja na chumvi ukofi mmoja, hapa. Ardhi isikauke." Bibi akauliza kama kuna maneno ya kusema. Fundi Mkuu akasema hakuna, lakini akitaka anaweza kuisalimia. Huo ulikuwa utani, na sikumbuki utani wake mwingine wowote.

Sasa fikiria mwenyewe. Kila alfajiri, bibi mjane mwenye macho mekundu anatoka kwake na ndoo, anakwenda chini ya mnara, anamwaga maji yenye chumvi mahali pale pale, huku midomo yake ikisema "Mwangaluka," kama mtu anayemsalimia mzee wake asubuhi. Wachungaji wanapita. Wanamwona. Hakuna anayemuuliza, kwa sababu jambo kama hilo haliulizwi.

Kisha ng'ombe wakafa pale pale.

Tuliitwa na alamu, hatukuitwa na watu. Mtambo ulionyesha umeme unavuja. Tulipofika tulikuta ng'ombe wawili wamelala kando ya uzio, wamevimba, na nyama haijaguswa. Kijiji cha Wasukuma kikiacha nyama ya ng'ombe ioze, ujue mambo yameharibika kabisa. Mwenye ng'ombe alikuwa amekaa juu ya jiwe, hataki kusalimiwa. Bibi alikuwa ndani, amefunga mlango. Kijana mmoja wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, alikuwa amewekwa mlangoni, na hatukuelewa kama anamlinda bibi asiguswe au anamlinda asitoroke. Nadhani na yeye hakuelewa. Kamanda wao alituambia kwa upole kwamba mkutano ni mchana, na kwamba wapo wanaosema ahame na wapo wanaosema kuhama hakutoshi.

Niliogopa. Nimekulia mkoa huu, najua bibi akiitwa mchawi, "hakutoshi" maana yake nini.

Fundi Mkuu akauendea uzio. Hakuugusa hata kwa mgongo wa mkono. Alichukua balbu, waya mmoja akautia kwenye wavu wa uzio, mwingine kwenye nondo iliyozikwa, na balbu ikawaka, ikaonekana hata juani. Watu waliokuwa wakitazama wakarudi nyuma wote kwa pamoja. Mama mmoja akasema, "Dawa ya yule bibi ina nguvu, hata taa inawasha."

Tukakata umeme, na kutafuta chanzo hakukuchukua muda. Waya wa taa ya ulinzi ulikuwa umechubuka ndani ya nguzo na kugusa uzio. Hilo peke yake lisingemdhuru mtu, kwa sababu uzio ulikuwa na ethi. Umeme ungekimbilia ardhini na breka ingekata. Lakini waya wa ethi ulikuwa umekatika. Fundi Mkuu alipiga magoti kwenye ile kona, akaona udongo umechimbuliwa, umelambwa, umekanyagwa kwa kwato, na katikati yake ncha mbili za shaba zimetengana. Nilimwona akielewa. Alibaki amepiga magoti pale.

Ng'ombe walikuwa wamefuata chumvi. Kiangazi, mbugani, ng'ombe hutembea mwendo mrefu kuitafuta chumvi, na sisi tulikuwa tumewawekea safi, ya dukani, kila asubuhi, na maji juu yake. Walilamba, wakachimba kwa pembe, wakakanyaga, waya ukakatika. Kisha mmoja akauegemea uzio kwa mdomo wake ulioloa, na wa pili akamfuata. Fundi Mkuu alikuwa na ng'ombe wake mwenyewe waliokuwa wakichungwa kwa kaka yake, na likizo zake zote alizimalizia zizini. Hakuna kitu alichokijua mapema maishani kuliko kwamba ng'ombe anapenda chumvi. Lakini alipovaa kofia ya kazi, lile alilisahau.

"Na yeye angekufa," akasema. Alimaanisha bibi. Alikuwa akimwaga maji pale kila alfajiri, hatua moja kutoka kwenye uzio, na kilichomwokoa ni yeboyebo za plastiki miguuni.

Nikampigia meneja Mwanza nikamweleza, kisha nikampa mzee simu. Meneja alikuwa na sauti kubwa na nilisikia kila neno. Tusikubali lolote. Tusiseme chumvi. Tuseme uchunguzi unaendelea, kampuni itatoa tamko. Fundi Mkuu alisikiliza akiwa amesimama chini ya mnara ule ule, kivuli chake kikiwa ndani ya kivuli cha antena. Akasema, "Bosi, sikusikii. Mtandao unasumbua huku." Akakata. Sikuwa nimewahi kumsikia akisema uongo kabla ya siku hiyo.

Tukarekebisha waya. Mchana ukafika, mkutano ukafanyika pale pale, penye mizoga. Bibi alitolewa akaketishwa chini, amejifunga kanga mbili, mikono mapajani. Hakulia. Alikuwa akitazama miguu ya watu.

Kamanda alimpa Fundi Mkuu nafasi ya kwanza kwa sababu ni mgeni. Akaeleza. Alieleza vizuri: umeme, ardhi, waya, chumvi. Alisimama mahali pake, akaonyesha kwa mikono. Alipomaliza, watu walimtazama kamanda wao, siyo yeye.

"Asante, fundi," akasema kamanda. "Tumesikia. Umeme, waya, chumvi, sawa. Sasa ng'ombe wa huyu bwana wameuawa na nani?"

"Hitilafu ilikuwa kwenye kona ya—"

"Sikuuliza wapi. Wapi tunapajua, mizoga tumeikuta sisi. Nani?"

Nilimwona Fundi Mkuu akitafuta mahali pa kuikata katikati. Hapakuwa na katikati. Upande mmoja alikuwa amekaa bibi, upande mwingine alikuwa amesimama yeye, na watu walikuwa wanangoja.

"Mimi," akasema.

"Wewe nani? Sema watu wasikie."

"Mimi, fundi. Chumvi ni yangu. Huyu mayu nilimtuma mimi, hakujua lolote. Ule waya nilitakiwa kuukagua, sikuukagua. Ng'ombe nimewaua mimi." Akamgeukia mwenye ng'ombe. "Nimekukosea, baba. Nisamehe." Kisha akamgeukia bibi akasema maneno hayo hayo kwa Kisukuma.

Kamanda akamuuliza mwenye ng'ombe, "Mtu wako umemsikia?"

"Nimemsikia."

"Una neno na mtu mwingine yeyote hapa?"

Yule bwana akamtazama bibi. Akamtazama tena fundi. Alionekana kama mtu aliyekuja na mkuki akapewa mkono wa salamu. "Sina," akasema.

Sauti ikatoka nyuma, "Sasa mchawi ni huyu mzee?"

"Mchawi gani anakubali?" akajibu kamanda, na watu wakacheka, kwanza wachache, kisha wote. Nikajua tumepona. Kijiji hakikuhitaji elimu ya umeme. Kilihitaji mwenye kosa, na sasa kilikuwa naye, ana jina, ana kofia, na zaidi ya yote ana ng'ombe. Ilikubaliwa kwamba atoe mitamba wawili wa kwake. Akatoa. Kaka yake, nilisikia, hakuongea naye mpaka mvua zilipokuja.

Kampuni ilimstaafisha kabla ya wakati. Meneja alisema amekubali dhima bila idhini, na kwa kanuni za ofisi alikuwa sahihi. Mafundi walinuna, mimi nililia chooni, kisha nikapewa kazi yake, jambo ambalo sijalizoea mpaka sasa. Kule Meatu tulizika nondo upya, kina kirefu, tukaweka zege juu na miiba kuzunguka, na chumvi ikabaki dukani kwa baba. Nisiseme kijiji kizima kilielewa. Wapo walioshikilia kwamba bibi ndiye aliyemloga fundi hadi akakiri. Lakini waliosema hivyo walisema nyumbani kwao, na bibi akabaki kwake.

Aliishi miaka mingine mingi. Kila nilipopita kukagua nilimkuta kibarazani akichambua choroko, na kila mara aliuliza habari za fundi, nami nikasema yuko Somanda, mzima, analima bustani. Yeye naye mzee aliniuliza habari za bibi kila tulipokutana sokoni, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiulizia hali ya betri.

Mwaka huu nilipigiwa simu kwamba bibi amefariki. Nilikwenda na gari la kazi. Fundi Mkuu nilimkuta ameshafika, kwa basi, amekonda, ana fimbo, amevaa koti la suti ambalo sikujua kama analo. Tulikaa naye nyuma kwenye jamvi.

"Mwadila, mayu," akanisalimia.

"Mwadila, mzee."

"Amefia kitandani kwake?"

"Kitandani kwake. Jirani alimpelekea uji asubuhi, akamkuta."

Akaitikia kwa kichwa. Umati ulikuwa mkubwa kuliko nilivyotegemea. Yule bwana mwenye ng'ombe alikuwepo, ndiye aliyekuwa akigawa maji ya kunywa.

Kabla ya kuushusha mwili, kamanda wa sungusungu, ambaye sasa alikuwa ameachia ukamanda lakini bado watu walimwita hivyo, alisimama kueleza habari za marehemu. Alisema kwao wapi, aliolewa na nani, watoto wake waliotangulia. Kisha akasema sababu ya kifo. Upepo ulikuwa unavuma na mbuzi walikuwa wanalia, lakini ilisikika.

Fundi Mkuu akaegemea fimbo, akasimama, akanyoosha mkono.

Watu wakageuka. Kamanda akamtambua. "Fundi. Una swali?"

"Sina swali. Naomba sababu ya kifo irudiwe. Huku nyuma haikusikika."

Mimi nilikuwa nimekaa naye huko nyuma, na nilikuwa nimesikia vizuri kabisa. Kamanda akawaangalia watu wake, upande huu mpaka upande ule, wazee kwa vijana, na wale waliokuwa wamesimama mbali na mifugo. Akavua kofia yake.

"Uzee," akasema kwa nguvu. "Mama huyu amekufa kwa uzee."

Fundi Mkuu akashukuru, "Wabeja," akaketi.